Majina Yaliyomo Simuni ni Amana



Kila mwenye simu ya mkononi hutembea na daftari la majina ya watu, na daftari hilo aghalabu halikuandikwa kwa siku moja wala kwa azma maalumu, bali limekua jina baada ya jina kadiri dunia ilivyomkutanisha mwenyewe na walimwengu wenziwe. Lifungue la mtu yeyote utamkuta Mama Salma Samaki, Fundi Bomba, Bodaboda Usiku, Shemeji Tanga, Nesi wa Kliniki, Ustadhi wa Watoto na Baba Mwenye Nyumba. Utamkuta bosi wa kazi aliyokwisha kuiacha, na utawakuta marehemu pia, ambao namba zao haziiti tena lakini mkono umeona taabu kuzifuta. Jioni hii nataka kuzungumza nanyi mintarafu ya daftari hilo, na mintarafu ya watu wanaolitamani kuliko wanavyotamani fedha zetu, nao ni baadhi ya wakopeshaji wa mitandaoni, ambao wananchi wa Tanzania wamewapa jina lile lile walilowapa wakopeshaji wakali wa mitaani, jina la kausha damu.

Nianze kwa insafu. Kukopa kwa njia ya simu, kwa asili yake, kulikuja na kheri. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, na mwaka uliofuata ikaingia Tanzania, mamilioni ya watu ambao hawajapata kukanyaga zulia la benki walijikuta kwa mara ya kwanza wana mahali pa kuweka fedha na njia ya kuzipeleka mbali bila ya kumsumbua dereva wa basi. Novemba mwaka 2012 ikafuata M-Shwari huko huko Kenya, kwa ushirikiano wa kampuni ya simu na benki, ikimwezesha mtu kuweka akiba ndogo na kukopa kwa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5, na mwaka 2014 huduma ya namna hiyo, M-Pawa, ikafika Tanzania. Ada hiyo si ndogo ukiihesabu kwa mwaka mzima, lakini ilitajwa waziwazi, na mkopeshaji alipotaka kumjua mkopaji alitazama mwenendo wa mkopaji mwenyewe: ameweka nini, ametuma nini, amelipa lini. Mama ntilie asiye na hati ya nyumba wala hati ya mshahara alipata mahali pa kugonga mlango, na ukafunguliwa. Mtu anayezibeza huduma hizi kwa jumla hajapata kuuguliwa na mtoto usiku wa manane ilhali mfukoni hana hata nauli ya kufika hospitali.

Baadaye likazuka kundi jingine, nalo halikutaka kungoja miaka ya kumjua mtu. Kundi hili halihitaji ofisi. Linachohitaji ni tangazo katika Facebook, picha ya kijana anayecheka mwenye noti mkononi, na ahadi kwamba mkopo utaingia ndani ya dakika tano bila ya dhamana. Mhitaji hubonyeza, programu ikashuka simuni, ikamtaka jina, namba ya kitambulisho cha taifa, na picha ya uso wake mwenyewe mchana kweupe. Hayo yote bado yanaweza kuitwa kutambulishana. Kisha, kabla fedha hazijatajwa, hujitokeza katikati ya kioo kisanduku kidogo cheupe kinachouliza kama programu iruhusiwe kuzifikia anwani, yaani majina na namba, zilizomo simuni, na pengine kingine kinachouliza kama iruhusiwe kuusoma ujumbe mfupi, na kingine kuhusu picha. Chini ya kila swali pana maneno mawili tu, kuruhusu na kutoruhusu, na mwenye shida akibonyeza la pili hukuta mlango umefungwa, harudishwi mbele wala nyuma, basi hurudi akabonyeza la kwanza. Tendo hilo halizidi nukta moja. Lakini ndani ya nukta hiyo Mama Salma, Fundi Bomba, Shemeji Tanga, Ustadhi, na marehemu ambaye namba yake haikufutwa, wote wamekwisha kuondoka simuni na kufikishwa kwenye kompyuta ya mtu ambaye hawamjui, na pengine katika nchi wasiyoijua.

Ndiyo maana nasema kuwa ahadi ya mkopo bila dhamana haikuwa ya kweli. Dhamana ilikuwapo, nayo ilitolewa yote kabla ya shilingi ya kwanza kuingia, isipokuwa haikuwa mali ya mkopaji.

Tuitazame na hesabu yenyewe kwa mfano, ili tuone kwa nini dhamana ya namna hii inahitajika sana kwao. Tuseme mtu ameomba shilingi 50,000. Zinaingia shilingi 35,000, kwa kuwa 15,000 zimekatwa papo hapo kwa jina la ada ya huduma, na baada ya siku 7 anatakiwa kurudisha 50,000 kamili. Alichokipata ni 35,000, alichokilipia ni 15,000, yaani karibu asilimia 43 kwa juma moja. Hakuna biashara halali ya mchuuzi wa nyanya, wala ya muuza mitumba, inayozaa faida ya kiasi hicho kwa siku saba, kwa hiyo wengi watashindwa kulipa kwa wakati, na mkopeshaji anajua tangu mwanzo kwamba watashindwa. Benki humshika mdaiwa wake kwa nyumba au kwa mshahara, na mahakama ikawa kati yao. Mkopeshaji huyu hana nyumba ya kumshikia mtu wala hatamani kufika mahakamani, ambako ada yake ingeulizwa imetoka wapi. Kilichobaki mikononi mwake ni aibu, na aibu haina thamani yoyote pasipo na macho ya watu wa kuiona. Macho hayo ndiyo yale majina.

Mimi mwenyewe niliwahi kuletewa ujumbe wa namna hiyo. Ulitoka namba nisiyoijua, ukamtaja kwa majina yake matatu mwanamke ambaye mara ya kwanza sikumtambua, kwa kuwa katika simu yangu yeye ni Fundi Sare tu, mshonaji aliyewahi kuwashonea wanangu nguo za shule. Ulisema kuwa ni tapeli. Ukataja deni lake hadi shilingi ya mwisho. Ukadai kwamba ameniandikisha mimi kuwa mdhamini wake, na kwamba asipolipa kabla ya magharibi nami nitahesabiwa mshirika wake katika wizi. Mimi sikuwa na jambo lolote na mama yule ila mita chache za kitambaa na ujira niliokwisha kuulipa. Hata hivyo, katika muda wa kuusoma ujumbe ule, niliingizwa ndani ya chumba cha siri zake bila ya hodi, nikajua ambalo jirani yake wa ukuta mmoja hakulijua: kwamba alikopa mwezi wa Januari, kwamba juma lilipita, na kwamba hana.

Baadaye ilidhihirika kuwa ujumbe ule ule uliwafikia mwenye nyumba wake, na mama mkwe wake, na mwalimu mkuu aliyekuwa akimpa kazi ya kushona sare za wanafunzi wapya. Mnaojua mila zetu mnajua uzito wa jambo hili. Mke anaweza kumweleza mumewe deni, anaweza kumweleza dada yake, lakini kumfikia mkwe habari ya kuwa wewe ni tapeli, tena kutoka kwa mgeni asiye na sura, ni jeraha lisilofungika kwa kulipwa fedha. Na mwalimu mkuu naye, pengine kwa kuogopa maneno ya wazazi, akaipeleka kazi ya sare kwa fundi mwingine. Hapa ndipo ninapoomba wasikilizaji watulie wapime: fedha ambazo zingelilipa deni lile zilikuwa zitoke katika kazi ile ile. Mdai aliyeharibu jina la fundi aliivunja kwa mkono wake cherehani iliyokuwa imlipe. Hili si ukali wa biashara wala pupa ya faida. Ni dhulma ambayo hata mwenye kuitenda haimfai, ila kwa sababu moja, nayo ni kuwatisha mia wengine wanaotazama, ili wao wakauze kitanda na sufuria walipe kabla zamu yao haijafika.

Watu wa mwambao, na Waislamu kwa jumla, wamefundishwa adabu za deni tangu zamani. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 katika sura ya Al-Baqara, inahusu deni: namna ya kuliandika, namna ya kuweka muda, na namna ya kuwachagua mashahidi, na aya mbili kabla yake imezungumzwa habari ya mdaiwa aliyepatwa na dhiki, kwamba apewe muhula. Shahidi katika adabu hizo ni mtu aliyeitwa, akaja, akajua analoshuhudia. Mdhamini vilevile, katika sheria zote ninazozifahamu, za dini na za serikali, ni mtu aliyeombwa akakubali, kwa hiari yake, akijua kiasi na muda. Anayekuja kwako kukuambia kuwa umekuwa mdhamini wa mtu bila ya kuulizwa anakudanganya, na ukimjibu kwa hofu umempa nguvu asiyokuwa nayo.

Watakaosema kwamba hata vikoba hutumia aibu, wanasema kweli kiasi, na jambo hili linastahili kujibiwa kwa utulivu. Mtindo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao wanawake wa Maradi nchini Niger waliuanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na ambao ndio asili ya vikoba vyetu, umesimama juu ya kujuana. Sanduku hufungwa kwa kufuli tatu, funguo zikakaa kwa watu watatu, na fedha huhesabiwa mbele ya wote siku ya kikao. Asiyelipa huulizwa mbele ya wenzake, na huona haya, naam. Lakini wanaomwuliza ndio wenye fedha; walikula kiapo cha pamoja; wanajua kwamba mtoto wake alilazwa mwezi uliopita, na wanaweza kumwongezea muda au kumpunguzia faini; na yanayosemwa kikaoni, kikundi kikiwa na adabu, hubaki kikaoni. Haya ya namna hiyo humrekebisha mtu akabakia miongoni mwa watu wake. Fedheha ya kutangazwa kwa wakwe, kwa mwajiri, na kwa fundi bomba aliyepita mara moja kuziba mferji, humtoa miongoni mwao, na wapo waliohama mtaa kwa sababu hiyo.

Katika mabaraza na ndani ya daladala nimesikia sana rai nyingine, nayo husemwa kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumaliza maneno: dawa ya deni ni kulipa. Sina ugomvi na kauli hiyo. Aliyekopa na alipe, na mwenye kukopa huku amenuia kutolipa ni mwizi kama wezi wengine. Lakini wenye kuitumia kauli hii kuhalalisha ujumbe wa matusi wanalijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Swali ni hili: mwalimu mkuu amekosa nini? Mama mkwe amekopa nini? Namba ya mtu ni taarifa yake mwenyewe, aliyokupa wewe kwa ajili ya jambo fulani, ama umwite akuzibie bomba, ama umjulie hali, ama umtumie fedha ya samaki; hakukupa uipeleke rehani. Alipoitamka namba ile, nawe ukaiandika, alikuweka amana. Mkopaji aliyebonyeza kuruhusu kwa shida zake tumwonee huruma, maana alibanwa. Lakini aliyemtegea swali lile mlangoni, akijua kwamba mtu mwenye kiu hatasoma maandishi yaliyo kwenye kikombe, huyo hana udhuru.

Serikali zetu hazikulala, na ni haki kulisema hilo. Kenya ndiyo iliyotangulia kuugua na ndiyo iliyotangulia kutafuta dawa. Mwaka 2019 ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu. Aprili mwaka 2020 Benki Kuu yake ikawazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiokuwa chini ya usimamizi kuyapeleka majina ya wadaiwa katika ofisi za kumbukumbu za mikopo. Mwaka 2021 sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa ili kila mkopeshaji wa namna hii apate leseni. Na kanuni za mwaka 2022 zikapiga marufuku vitisho, lugha chafu, na kuwapigia watu waliomo katika simu ya mdaiwa. Mwaka 2023 mkopeshaji mmoja alitozwa na Kamishna wa Ulinzi wa Data faini ya karibu shilingi milioni 3 za Kenya kwa kutumia majina na namba za watu ambao hawakuridhia. Mwaka huo huo Google ilizikataza programu za mikopo zilizomo katika duka lake kuyafikia majina na picha zilizomo simuni. Hatua hiyo ya Google ni nzuri, ila haimfikii anayepakua programu kwa kiungo alichotumiwa na rafiki kwa WhatsApp, nje ya duka, na huko ndiko wanakoweza kukimbilia hao tunaowalalamikia.

Tanzania ilikuwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha tangu mwaka 2018, inayomtaka kila mwenye kukopesha umma awe na leseni. Mwaka 2024 Benki Kuu ikatoa mwongozo maalumu kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba ya mwaka huo ikatangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila ya leseni, ikawatahadharisha wananchi wasizitumie. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo ilianza kutumika Mei mwaka 2023, na ipo Tume ya kuisimamia. Kumbukeni pia kuwa Katiba ya mwaka 1977, katika ibara ya 16 iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, ilikwisha kuyapa mawasiliano binafsi ya mtu hifadhi, zama ambazo simu ilikuwa ni kitu cha ofisini na cha nyumba ya mkubwa.

Rai yangu ni kwamba orodha ya programu zilizokatazwa, pamoja na faida yake, inamfukuza mwenye duka na kuiacha ghala imejaa. Programu iliyofungiwa leo hurudi kesho kwa jina jipya na rangi mpya. Kisichorudi ni majina yaliyokwisha kuchukuliwa. Msikilizaji anaweza leo kuifuta programu simuni mwake, akadhani amesalimika, ilhali nakala ya daftari lake imekaa mahali pengine tangu siku aliyobonyeza kuruhusu, nayo inaweza kuuzwa, kugawanywa, au kurithiwa na mkopeshaji mwingine. Kwa hiyo ningependa kuona mamlaka zetu zikiuliza swali la pili baada ya lile la leseni: majina mliyoyachukua yako wapi, na nani atashuhudia kwamba yamefutwa? Sheria ya mwaka 2022 imempa mtu haki ya kudai taarifa zake zirekebishwe au zifutwe, na haki hiyo haikuwekwa kwa ajili ya mkopaji peke yake. Ni ya Fundi Bomba na ya mama mkwe kadhalika. Siku Tume itakapompokea mlalamikaji ambaye hakukopa hata senti, ambaye kosa lake ni kuwamo katika simu ya mtu aliyekopa, na ikamfuatilia aliyemsumbua mpaka mwisho, ndipo biashara hii itakapokuwa na hasara.

Yaliyo katika uwezo wetu sisi wenyewe ni machache lakini yana nguvu. Mwenye haja ya kukopa na aitazame kwanza orodha ya wenye leseni katika tovuti ya Benki Kuu, na kama hajui kuifungua basi amwombe kijana wa nyumbani amfungulie, hilo si jambo la kuonea haya. Mwenye programu za mikopo simuni na aingie katika mipangilio, kwenye sehemu ya programu, azitazame ruhusa alizozitoa, na aiondoe ile ya kufikia anwani. Mkopeshaji wa haki hataikosa. Programu yoyote inayokataa kukutazama mpaka uifungulie majina ya wenzio, iache, hata kama fedha zake ni nyingi na shida yako ni kubwa, kwa maana unachoambiwa ukitoe si chako.

Nanyi ambao mtaletewa ujumbe unaomtaja ndugu, jirani au fundi wenu kuwa ni tapeli, nawasihi. Msimpelekee mtu mwingine hata mmoja. Msiuweke katika kundi la ukoo wala la msikiti wala la kanisa kwa nia ya kuuliza kama kuna anayemfahamu. Hifadhini nakala yake kwa ajili ya ushahidi, ipelekeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi au kituo cha polisi kilicho karibu, kisha nendeni kwa yule aliyetajwa mkampe kazi ile ile mliyokuwa mkimpa.